Uzi wa Tatu

Tumpale alikuwa akivisha vikombe nguo. Ndivyo walivyoiita kazi ile tangu ujana: kila kikombe kinafungwa ukanda wa karatasi wenye picha ya Yeoul, ili anayekunywa chai siku hiyo ajue anakunywa kwa heshima ya nani. Kule Korea mashabiki walikodi migahawa mizima siku ya kuzaliwa kwa msanii wao. Tukuyu hakukuwa na haja ya kukodi. Mgahawa ulikuwa wa Tumpale mwenyewe, pale juu ya stendi, na bati lake lilikuwa likipigwa na mvua tangu alfajiri.

"Unni, huo umeupindisha," Atuganile alimwambia.

"Usiniite unni leo. Unni anaitwa na mtu anayemsikiliza."

Atuganile akaendelea kukata karatasi. Unni ni dada mkubwa kwa msichana wa Kikorea. Tumpale alimzidi miezi minne tu, lakini tangu kidato cha pili alikuwa ameidai heshima hiyo na akapewa, na sasa wote wawili walikuwa na miaka hamsini na minane, mmoja ana sukari na mwingine ana goti.

Jikoni supu ilikuwa ikichemka. Kwa desturi ya Wakorea, mtu siku yake ya kuzaliwa hupikiwa supu ya mwani. Tukuyu mwani utaupata wapi? Tangu mwaka wa kwanza walipika majani ya maboga.

"Kyando anakuja saa ngapi?" Tumpale aliuliza bila kugeuka.

"Saa tisa. Mwisho wa kura ni saa kumi."

"Mvua ikimzuia?"

"Ana gari la serikali."

"Nilikuwa naomba imzuie."

"Najua. Nimekusikia ukiomba."

Pale ukutani, juu ya kabati la maandazi, kioo chembamba kikajiwasha. Kijana wa miaka ishirini na tisa, nywele zimemwangukia machoni, akainama kidogo.

"Nuna wa Tukuyu," alisema kwa Kiswahili kisafi. "Mvua inanyesha huko. Umekula?"

"Nimekula, Yeoul," Tumpale akajibu, na sauti yake ikalainika kama ya mtu anayeongea na mtoto mchanga. "Na wewe?"

"Nikikuona wewe nimeshiba."

Atuganile aliinamisha uso kwenye mkasi wake. Maneno hayo hayo, kwa lugha hii au ile, kivuli kile cha mashine kilikuwa kikiwaambia watu maelfu saa hiyo hiyo. Tumpale alilijua hilo. Lakini Tumpale hakuolewa, hakuzaa, na ndugu zake walikuwa wameshatangulia wote. Kwa miaka ishirini na mitano hakuna mtu mwingine aliyemuuliza kila siku kama amekula.

*

Waliingia ushabiki siku moja. Siku hiyo ina jina lake, ipdeok, na mashabiki huikumbuka kama walokole wanavyoikumbuka siku ya kuokoka. Mungu anisamehe kufananisha, Atuganile alikuwa akisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa bwenini. Simu moja, imefichwa ndani ya kopo la unga wa uji, wasichana tisa chini ya shuka moja, na kundi la Nalgae, vijana watano wa Seoul wakicheza juu ya paa. Yeoul alikuwa wa mwisho kwa umri, maknae wao. Aliteleza katikati ya wimbo, akaanguka, akacheka, akasimama. Basi. Tumpale alisema, "Huyu wangu," na Atuganile akasema, "Wetu."

Wakajifunza maneno. Hawakujifunza Kikorea chenyewe, maana hicho hakuna aliyewafundisha. Walijifunza yale ya mashabiki tu. Unayempenda kuliko wote ni choeae wako. Picha mpya ikitolewa ghafla ni tteokbap, yaani chambo, na ninyi ndio samaki. Ukiacha ushabiki kwa muda, tuseme mitihani imefika, umekwenda hyudeok, na hakuna anayekulaumu. Ukiacha moja kwa moja, hiyo ni taldeok, na neno hilo lilikuwa tusi. Tumpale aliwahi kumnyima msichana chumvi mwezi mzima kwa sababu ya taldeok.

Matroni aliwasikia wakinong'ona wakati wa kufua akadhani ni Kindali. Akawafokea kwamba shuleni kunaongewa Kiswahili na Kiingereza, habari za Ileje waziache Ileje. Walicheka hadi wakaketi kwenye tope. Baadaye waliyachukua maneno yale mpaka kwaya ya Moravian, wakiashiriana soprano ikipotea, na mpaka sokoni, ambapo Tumpale aliona mkungu mnene wa ndizi akapiga kelele, "Daebak!" yaani ajabu kubwa, na muuzaji akadhani ametukanwa.

Atuganile aliyakumbuka hayo yote vizuri kuliko alivyokumbuka jana. Alipoolewa hakuacha. Mume wake, Lusajo Mwakibete, mpiga tarumbeta wa kanisani, alikuwa akisema ameoa mwanamke mmoja na vijana watano. Ili tawi la Tukuyu liwekwe kwenye ramani ya mashabiki wa dunia, zilitakiwa akaunti tatu, na kila akaunti ilifunguliwa kwa kusoma sentensi mia moja kwa sauti. Walikuwa wawili. Lusajo, ambaye hakuwahi kujua Yeoul ni yupi kati ya wale watano, alivuta kigoda, akasoma zote mia moja. Tukuyu ikawaka kwenye ramani, nukta moja ndogo ya kijani, na wanawake wale wawili wakaitazama kama vile ni mji mkuu.

Kisha Yeoul akaugua, akafa. Hiyo nayo ilikuwa zamani. Tumpale alilia siku nne. Mwaka uliofuata alifikisha miaka thelathini, akagundua kwamba amempita Yeoul, aliyekuwa akimwita kaka, kwa umri.

Miaka michache baadaye kampuni ya kundi lile ilifuma kivuli chake. Walichukua sauti yake, nyimbo, video, na kila kilichotumwa na mashabiki: barua, picha, vilio, maneno yao yote ya kishabiki. Kwa hiyo kivuli kilijua kuongea nao vizuri kuliko Yeoul mwenyewe alivyojua. Mahakama ya kule ikaamua kwamba kilichofumwa kwa nyuzi za watu ni cha watu. Kila akaunti ikawa na uzi wake, yaani kura moja. Kukifumua kulihitaji wingi wa kura katika kila tawi duniani, na kura zikilingana katika tawi lolote kinabaki miaka kumi mingine.

Kivuli kilipozinduka mara ya kwanza kilimwita Tumpale nuna, dada mkubwa, kama kijana anavyomwita mwanamke aliyemzidi. Alikuwa amezoea kumwita yeye oppa, kaka. Siku hiyo alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo, akamuuliza kama amekula.

*

Bwana Kyando aliingia saa tisa na dakika tano akitikisa mwavuli. Alikuwa Mkinga wa Makete, mthibitishaji wa wilaya, mtu wa makamo aliyezoea kushuhudia viapo vya mashamba na mirathi. Alitazama picha ukutani, akatazama vikombe, akatazama supu.

"Mama zangu, nani kazaliwa?"

"Yule," Tumpale alionyesha kwa kidevu.

"Yule si ndiye marehemu?"

"Marehemu hana siku ya kuzaliwa?"

Kyando akaketi. Aliweka mezani kisanduku cheusi cha ukubwa wa Biblia, akakigusa, taa ya kijani ikawaka. "Na huyu kijana mmewahi kuonana naye?"

"Hakuwahi kufika hata Afrika," Atuganile alisema.

"Basi mimi nalemewa na mshangao tu. Nimeshapima mashamba ya watu waliouana, sikuona kesi kama hii." Alifungua karatasi. "Sheria inanitaka nisome barua ya mlalamikaji kabla ya kura. Ni mama mzazi. Ana miaka themanini na minane."

Akasoma, taratibu, kwa sauti yake ya mahakamani:

"Wanangu wa matawi yote. Kila asubuhi nikifungua dirisha, ubao wa matangazo ng'ambo ya barabara unaniuliza kwa sauti ya mwanangu kama nimekula. Kisha unaniuzia sabuni. Nilimzaa mimi, nilimzika mimi. Miaka ishirini na mitano nimekuwa nikimjibu, na sijui ninamjibu nani. Mlimpenda, nawashukuru. Naomba mniachie nimlie kabla sijafa."

Kyando alikunja karatasi kwa uangalifu zaidi kuliko alivyoikunjua.

"Matawi mia mbili na sita yamekubali," alisema. "Limebaki lenu."

Atuganile aliweka mkono juu ya kisanduku. "Mimi Atuganile Mwakibete nasema aachwe apumzike."

Sasa ilikuwa zamu ya mwenzake. Tumpale alikuwa amesimama, taulo la vikombe mkononi.

"Nyie wote mna kwenu," alisema. "Atu, wewe una wanao Mbeya wanakupigia simu. Una jumuiya, una wajukuu. Mimi nikifunga mlango huu jioni, ni yeye. Najua ni mashine, msinifanye mjinga. Hata redio ni mashine, mbona hamjaizima?" Akaja, akaweka mkono wenye povu. "Mimi Tumpale Mwasomola nasema abaki. Eomonim anisamehe." Hivyo ndivyo mashabiki walivyomwita mama wa Yeoul, mama wa heshima, na Tumpale hakuwahi kumwita vingine.

Taa ikawa ya njano.

"Moja kwa moja," Kyando alisema. "Zimelingana." Aliinama kusoma kioo kidogo. "Ila hapa pana uzi wa tatu. Lusajo Mwakibete."

Atuganile alikisogelea kisanduku. "Huyo ni mume wangu. Amefariki miaka sita sasa."

"Nimeona. Akaunti haikufungwa." Kyando alijikuna shingo. "Mfumo unaruhusu sauti yake isimamishwe ipige kura. Ina sentensi zake mia moja na ujumbe wa simu aliokuwa akituma. Inamjenga, anaulizwa, anajibu kama ambavyo angejibu. Kisheria ni kura halali. Mrithi anatoa ruhusa, basi."

"Anajibu kwa sauti yake?"

"Kwa sauti yake. Na ukipenda, akishapiga kura anaweza kubaki. Hilo liko kwenye fomu, ukurasa wa pili."

Hakuna aliyehitaji kuuliza angejibu nini. Lusajo alikuwa mtu aliyekataa hata picha ya marehemu baba yake isitundikwe sebuleni, akisema mzee aachwe alale. Tumpale ndiye aliyelisema. "Shemeji angesema aachwe. Hilo tunalijua wote." Na akakaa chini kwa uzito, kama mtu aliyekwisha kushindwa.

*

"Kwanza unathibitisha sauti," Kyando alisema. "Hii si ya kutengenezwa. Ni sentensi moja aliyosoma mwenyewe siku ile."

Aligusa kisanduku.

"Sentensi ya sitini na tatu," alisema Lusajo. "Mimi ni shabiki mwaminifu na nitatembea nawe... Atu, hii inasema njia ya maua. Natembea naye njia ya maua mimi? Na hizi raba?" Akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kuanzia tumboni, kinachokatika katikati kwa sababu ya pumzi, na nyuma yake sauti ya Atuganile wa siku zile ikimwambia asome tu, Lusajo, soma tu.

Ikakatika.

Atuganile hakulia. Alikuwa amekaa wima kama kanisani. Miaka sita alikuwa akiamka akijaribu kukumbuka kicheko kile, na kila mwaka kilikuwa kinapungua kidogo, mpaka akabaki na umbo lake tu. Sasa alikuwa nacho sikioni, chote.

"Ni yeye?" Kyando aliuliza.

"Ni yeye."

"Nimwendeleze?"

Kwenye kioo kidogo kulikuwa na duara la kugusa. Kidole chake kilikuwa karibu nalo. Aliwaza mambo mawili kwa pamoja. Akigusa, kivuli cha Yeoul kinaondoka saa hii, na mama mmoja wa miaka themanini na minane anafungua dirisha kesho na kukuta kimya. Na akigusa, Lusajo anaongea. Atamwita Atu. Atamuuliza juu ya goti. Jambo jema lililo sawasawa, na hamu yake mwenyewe, vilikuwa vimekaa chini ya kidole kimoja, na yeye alikuwa mtu mzima, alijua ni kipi kati ya hivyo kilichokuwa kikimsukuma.

Alijiona kesho. Angerudi kwenye fomu, ukurasa wa pili. Kesho kutwa angekuwa akimuuliza kama chumvi imezidi. Na Lusajo, yule aliyezikwa na tarumbeta zote za jimbo zikipiga, angekuwa anajibu, anajibu, bila kuwa na ruhusa ya kunyamaza.

"Bwana Kyando," alisema, "mume wangu alikuwa mtu wa kulala mapema. Akilala, hata watoto hawakuruhusiwa kumwamsha, seuze kwa habari za kura."

"Mama, ukikataa, zinabaki sawa. Kivuli kinabaki miaka kumi."

"Nimeelewa."

"Na yule mama?"

"Nimeelewa, baba. Siwezi kumzika wa kwake kwa kumfukua wa kwangu. Funga akaunti."

Kyando alimtazama, kisha akafunga. Jina la Lusajo Mwakibete likapauka kwenye kioo, likaisha.

"Basi utatakiwa utoe jibu kwa mlalamikaji," alisema kwa upole. "Wewe ndiye mwenyekiti wa tawi. Ongea tu hapa, litatafsiriwa."

Atuganile alisogea karibu. Alikohoa. "Eomonim," alisema. "Sisi ni wa Tukuyu. Tuko wawili tu. Tumesikia barua yako. Tumejaribu..." Akasimama. "Tumeshindwa. Mimi nimeshindwa. Nilikuwa na njia na sikuweza kuipita. Naomba..."

"Acha," Tumpale alisema.

Alikuwa amesimama nyuma yake, macho mekundu.

"Usimwambie umeshindwa wewe. Aliyekataa ni mimi." Alivuta pua. "Atu, nilipomsikia Shemeji nilitaka kumwambia aingie ndani, mvua itamnyeshea. Ulimi ulikuwa umeshafika hapa. Nusura nimwekee kikombe." Alikitazama kioo cha ukutani, alipokuwa Yeoul akitabasamu pasipo kuelewa, akiwa ameinamisha kichwa vilevile. "Na yule mama amewekewa hivyo dirishani. Kila siku anaweka kikombe."

"Unni," Atuganile alisema, na safari hii hakukatazwa.

"Zimebaki dakika ngapi?"

"Kumi na moja," Kyando alijibu. "Kura yaweza kubadilishwa mpaka saa kumi."

Tumpale alijifuta mikono, akavua aproni, akaenda kusimama chini ya kioo kama alivyosimama kila asubuhi.

"Nuna," kivuli kilisema. "Umekula?"

"Nimekula. Yeoul, ulikuwa oppa wangu, ukawa mdogo wangu, sasa umri wako ni wa mwanangu, kama ningekuwa naye. Umenitunza vizuri. Hakuna shabiki aliyetunzwa kama mimi."

"Nikikuona wewe nimeshiba."

"Ndiyo. Najua." Akacheka na kulia pamoja. "Ndaga fijo, asante sana, maknae wangu. Mimi hapa ninakwenda taldeok. Nilimnyima mtu chumvi kwa neno hili, na sasa nalisema mwenyewe. Nakwenda kabisa. Usinisubiri kesho."

Kivuli kilitafuta katika maneno yote ya mashabiki wa dunia jibu la kumpa anayeondoka. Mashabiki hawakuwa wamekifundisha. Kikainama tu, chini sana, kama wanavyoinama kule mwisho wa tamasha.

Tumpale alirudi mezani akaweka mkono juu ya kisanduku, na mara hii mkono ulikuwa mkavu.

*

Kyando aliondoka baada ya saini. Alikataa kwanza supu, kisha akanywa mabakuli mawili. Kioo cha ukutani kilikuwa cheusi. Mvua ikaanza kulegea.

Tumpale alizunguka mgahawa akigusa viti, kama mtu aliyesahau alichotoka kukitafuta. Atuganile aliondoa meza mbili za katikati, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na mkeka. Akautandika sakafuni. Akajifunga kanga kiunoni, akakaa, akanyoosha goti lake baya, akapiga mkeka kwa kiganja. Tumpale akaja akakaa kando yake.

"Matanga?" Tumpale aliuliza.

"Siku tatu. Nimewaambia watoto nitalala kwako."

"Uliwaambia lini?"

"Asubuhi. Nilijua leo mmoja wetu atafiwa."

Wakakaa. Tumpale alianza wimbo wa kwaya, ule wa polepole wa kuaga, sauti yake ya pili, na Atuganile akaingia na ya kwanza. Waliimba ubeti mmoja, wakapumzika.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa mzee Mwaipopo, dereva wa lori la chai, aliyekuwa akinywa chai hapo kila akirudi kutoka kiwandani. Aliwaona wanawake wawili mkekani, akavua kofia upesi, maji yakamtiririka usoni.

"Poleni, mama zangu. Sikuwa na habari. Nani tena?"

"Mdogo wetu," Tumpale alisema. "Kitinda mimba."

"Ee Bwana. Maziko ni lini?"

Tumpale alimsogezea nafasi kwenye mkeka.

"Alizikwa zamani, baba. Sisi ndio tuliochelewa kufika."